Priampu nafuu kwa studio ya nyumbani: Vipimo vya kuzingatia kabla ya kutoa pesa mfukoni

MSANII anayejitayarisha kurekodi nyimbo zake nyumbani aghalabu huanza kwa kutafuta maikrofoni. Akishaipata, hugundua punde kwamba sauti inayofika kwenye tarakilishi ni hafifu, imeandamana na mlio wa "shhh" mithili ya mvua inayonyesha mbali, na kila anapoipandisha sauti hiyo, mlio nao hupanda. Hapo ndipo huambiwa na wenzake kwamba anahitaji priampu.

Ushauri huo huenda ukawa wa kweli na huenda ukamtia hasara. Priampu hupatikana kwa bei ya dola 50, na nyingine huuzwa kwa maelfu ya dola. Hata hivyo, tofauti hiyo ya bei haiandamani kila mara na tofauti inayoweza kusikika katika chumba cha kulala kilicho karibu na barabara. Kwa kijana anayeweka akiba kutokana na vibarua, ununuzi mmoja usiofaa waweza kuahirisha albamu kwa mwaka mzima.

Haja ya maarifa haya haiko kwa wanamuziki pekee. Walimu wanaoandaa masomo ya kusikiliza, wahubiri, wasimulizi wa hadithi na watayarishaji wa vipindi vya mtandaoni wote hukumbana na tatizo lilo hilo. Makala haya yanaeleza kazi ya priampu, namna ya kusoma vipimo vyake, aina zinazopatikana kwa bei nafuu, na mambo ya kukagua dukani.

Kazi ya priampu

Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Shure SM58, maikrofoni ambayo imekuwa ikitumika majukwaani tangu 1966, hutoa takriban milivolti 1.85 inapofikiwa na sauti ya desibeli 94, kiwango ambacho watengenezaji hukitumia kupimia maikrofoni zao.

Mitambo ya studio, kwa upande wake, imeundwa kupokea umeme wa takriban volti 1.23. Ili umeme wa SM58 ufikie kiwango hicho, sharti ukuzwe zaidi ya mara 600. Kifaa kinachofanya kazi hiyo, yaani kikuzasauti cha awali, ndicho kinachoitwa priampu.

Ukuzaji huu hupimwa kwa desibeli. Desibeli 20 ni kukuza umeme mara 10, desibeli 40 ni mara 100, na desibeli 60 ni mara 1,000. Kwa hivyo, tofauti ya desibeli chache kwenye karatasi ya maelezo si jambo dogo.

Ugumu wa kazi hii unatokana na maumbile. Katika joto la kawaida la chumba, elektroni hazitulii. Mtikisiko wake huzaa kelele ndogo ndani ya kila kijenzi cha umeme, ikiwemo maikrofoni yenyewe. Priampu haina uwezo wa kutenganisha kelele hiyo na sauti ya mwimbaji. Hukuza vyote pamoja, na juu yake huongeza kelele yake yenyewe.

Kelele ikishaingia katika hatua hii ya kwanza, hufuatana na wimbo hadi mwisho. Zipo programu za kuipunguza, lakini zikitumiwa kupita kiasi huacha sauti ya mwimbaji ikiwa kama inayotoka ndani ya mtungi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Vipimo vitatu vya kusoma

Kasha la priampu huwa limejaa sifa nyingi za kuvutia. Kwa mnunuzi wa kawaida, vipimo vitatu vinatosha kuamua.

Cha kwanza ni kiwango cha juu cha ukuzaji. Maikrofoni za aina ya kondensa huwa na sakiti yake ya ndani, hivyo hutoa umeme mwingi na aghalabu hutosheka na desibeli 30 hadi 45. Maikrofoni za dainamiki, ambazo hutumia koili na sumaku bila usaidizi wa umeme, huhitaji desibeli 50 hadi 60 kwa sauti ya kuongea. Za utepe zisizo na sakiti ya ndani zaweza kuhitaji hata zaidi.

Kinachorekodiwa nacho hubadilisha hesabu. Ngoma za isukuti au kwaya ya watu 30 hazihitaji ukuzaji mwingi. Nyatiti inayochezwa polepole, au msimulizi anayenong'ona, huhitaji mwingi. Mtu ajiulize kwanza atarekodi nini kabla ya kuuliza bei.

Kipimo cha pili ni kelele ya priampu yenyewe, ambayo kwenye karatasi za maelezo huandikwa kwa herufi EIN na kupimwa kwa dBu. Nambari hii huwa hasi, na kadiri inavyozidi kwenda chini ndivyo priampu inavyokuwa tulivu. Kwa maikrofoni ya ukinzani wa omu 150, maumbile hayaruhusu kelele iwe chini ya takriban -131 dBu katika joto la kawaida. Priampu yenye -128 dBu, basi, imebakisha nafasi ndogo sana kufikia ukomo huo.

Hapa panahitaji uangalifu. Watengenezaji wengine hutoa nambari iliyopimwa kwa mizani inayofuata usikivu wa sikio, ambayo huongezewa herufi A, na wengine hutoa nambari bila mizani hiyo. Nambari yenye A huonekana bora kwa desibeli mbili hivi ilhali priampu ni ile ile. Nambari mbili zilinganishwe tu iwapo zimepimwa kwa njia moja.

Kipimo cha tatu ni kiwango cha juu cha sauti ambacho priampu inaweza kupokea kabla ya sauti kupasuka. Anayerekodi ngoma au tarumbeta kwa karibu akitumia maikrofoni ya kondensa ahakikishe kwamba priampu ina swichi ya kupunguza nguvu za maikrofoni, au kwamba maikrofoni yenyewe inayo.

Chumba na priampu: Nani ana kelele zaidi?

Hesabu ifuatayo haifanywi na wanunuzi wengi, ilhali ndiyo inayoweza kuwaokolea pesa nyingi kuliko zote.

Chukua mfano wa Shure SM7B, maikrofoni ya dainamiki inayotamaniwa na watayarishaji wa vipindi kote duniani. Sifa yake ilienea kwa sababu mtangulizi wake, SM7, ilitumiwa na fundi Bruce Swedien kurekodi sauti ya Michael Jackson katika albamu ya "Thriller" ya 1982. SM7B hutoa milivolti 1.12 pekee kwa sauti ya desibeli 94, na Shure yenyewe hushauri kwamba itumiwe na priampu yenye ukuzaji wa angalau desibeli 60.

Maikrofoni hiyo ikichomekwa kwenye priampu yenye kelele ya -128 dBu, kelele ya priampu italingana na sauti ya takriban desibeli 23 iliyo mbele ya maikrofoni. Chumba cha kulala kilicho kimya usiku huwa na kelele ya desibeli 30 hivi. Mchana, kukiwa na magari, bodaboda na redio ya jirani, kiwango hicho huzidi 40.

Maana yake ni kwamba hata kwa maikrofoni hii inayojulikana kwa uhafifu wake, chumba ndicho kinachotoa kelele kubwa zaidi. Kununua priampu ya bei mara kumi yenye kelele ya -130 dBu hakutabadilisha lolote linaloweza kusikika, kwa kuwa jokofu la jikoni litakuwa bado linavuma.

Hali huwa tofauti iwapo priampu ina kelele ya -120 dBu. Kwa SM7B, kelele hiyo hulingana na sauti ya takriban desibeli 31. Hapo priampu hushindana na chumba, na mlio wa "shhh" husikika waziwazi katika vipindi vya kimya. Hapo ndipo kubadilisha kifaa kuna faida.

Mwenye SM58 yuko afadhali. Kwa priampu ile ile ya -128 dBu, kelele italingana na desibeli 18 hivi. Mwenye kondensa inayotoa milivolti 20 kwa desibeli 94 hana haja ya kuwa na wasiwasi kabisa, kwani kelele ya priampu itakuwa chini ya desibeli sifuri, na kelele ya maikrofoni yenyewe ndiyo itakayosikika kwanza.

Kwa muhtasari, kadiri maikrofoni inavyotoa umeme mdogo ndivyo ubora wa priampu unavyokuwa na uzito. Maikrofoni na priampu huchaguliwa kwa pamoja, kama kufuli na ufunguo wake.

Aina zinazopatikana kwa bei nafuu

Aina ya kwanza, na inayowafaa wengi, ni kiunganishi cha sauti cha USB, maarufu kama intafesi. Kisanduku hiki huwa na priampu moja au mbili, sakiti ya kugeuza umeme wa sauti kuwa tarakimu za tarakilishi, na tundu la hedifoni. Mnunuzi hupata vifaa vitatu kwa bei ya kimoja, na vifaa vingi vya kuanzia katika kundi hili huuzwa ng'ambo kwa kati ya dola 50 na 200, kabla ya kodi na usafirishaji.

Maendeleo katika kundi hili yamekuwa makubwa. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2019, ilikuwa na ukuzaji wa desibeli 56 na kelele ya -128 dBu kwa mizani ya A. Ukuzaji huo ulikuwa haba kidogo kwa SM7B. Kizazi cha nne, kilichotoka 2023, kilipandisha ukuzaji hadi desibeli 69, huku kelele ikiwa -127 dBu kwa mizani iyo hiyo. Ushauri uliokuwa sahihi kwa mwenye kifaa cha awali, kwamba aongeze kifaa kingine cha kukuza, haumhusu tena mwenye kile kipya.

Aina ya pili ni mikisa ndogo. Faida yake ni matundu mengi na urahisi wa kuitumia kanisani au kwenye sherehe. Hata hivyo, mikisa nyingi za bei ya chini zenye USB hupeleka kwenye tarakilishi mkondo mmoja tu wa kushoto na kulia, sauti zote zikiwa zimechanganywa. Mwimbaji akikosea, haiwezekani kumrekebisha bila kugusa gita na ngoma.

Aina ya tatu ni priampu ya kando inayojitegemea. Hii haiunganishwi na tarakilishi moja kwa moja. Bado huhitaji intafesi. Wengi hukosea kwa kuichomeka kwenye tundu la maikrofoni la intafesi, hivyo sauti hupitia priampu mbili na kupasuka. Tundu linalofaa ni lile la mitambo, ambalo aghalabu huwa la plagi nene ya inchi robo. Intafesi isiyo na tundu kama hilo haifaidiki sana na priampu ya kando.

Aina ya nne ni kikuzaji kidogo kinachowekwa kati ya maikrofoni na waya wake. Cloudlifter CL-1 huongeza desibeli 25, na FetHead ya Triton Audio huongeza 27 hivi. Vifaa hivi hutumia umeme wa volti 48 unaotoka kwenye intafesi, wala haviupitishi hadi kwenye maikrofoni. Vimekusudiwa maikrofoni za dainamiki na za utepe; kondensa inayotegemea umeme huo haitafanya kazi ikiunganishwa navyo. Mwaka wa 2023 Shure nayo ilitoa SM7dB, yenye kikuzaji cha aina hiyo ndani yake.

Vikuzaji hivi huwasaidia wale ambao priampu zao zina ukuzaji haba au kelele nyingi. Kwa mwenye priampu tulivu yenye desibeli 65, faida yake ni ndogo. Tena havipunguzi hata chembe ya kelele ya chumba.

Aina ya tano ni kinasa sauti cha mkononi chenye matundu ya maikrofoni. Zoom F3, iliyotangazwa 2022, ina priampu mbili zenye kelele ya -127 dBu, hutumia betri, na hurekodi kwa mfumo wa biti 32 ambao huwezesha sauti iliyorekodiwa chini mno au juu mno kusawazishwa baadaye, almuradi maikrofoni yenyewe haikuzidiwa. Bei yake ni ya juu kuliko ya intafesi ndogo, lakini kwa anayerekodi ngoma za kijijini, wazee wanaosimulia historia, au anayeishi mahali ambapo stima hupotea kila mara, kifaa cha aina hii chaweza kuwa na manufaa zaidi.

Mwisho kuna maikrofoni za USB, ambazo huwa na priampu na kigeuzi ndani yake. Zinamfaa mtu mmoja anayeongea peke yake. Udhaifu wake ni kwamba si rahisi kuunganisha mbili kwenye tarakilishi moja, na priampu yake ikiharibika au ikipitwa na wakati, maikrofoni nayo hutupwa.

Umeme wa volti 48

Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme ili zifanye kazi, na priampu ndiyo huutoa kupitia waya ule ule unaopitisha sauti. Mfumo huo ulibuniwa na kampuni ya Neumann ya Ujerumani mwaka wa 1966 kwa ombi la shirika la utangazaji la Norway, NRK. Volti 48 zilichaguliwa kwa kuwa studio za shirika hilo tayari zilikuwa na umeme wa kiwango hicho kwa ajili ya taa za dharura. Leo kiwango hicho kimeenea duniani kote.

Kanuni inaruhusu tofauti ya volti 4 juu au chini. Baadhi ya vifaa rahisi hutoa volti 12 hadi 18 tu. Kondensa nyingine huvumilia, nyingine hutoa sauti hafifu iliyopasuka, na nyingine hazifanyi kazi kabisa. Iwapo kasha halikutaja volti 48, mnunuzi aulize.

Maikrofoni nyingi za dainamiki haziathiriki umeme huu unapowashwa, maadamu waya ni mzima. Za utepe zahitaji tahadhari, hasa za zamani, kwani waya wenye hitilafu waweza kupitisha umeme kwenye utepe na kuuharibu. Ni desturi nzuri kuchomeka maikrofoni kwanza, kisha kuwasha umeme, na kuuzima kabla ya kuchomoa.

Majina makubwa na valvu

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Baadhi ya priampu za bei nafuu huuzwa kwa taa ya rangi ya chungwa inayomulika valvu moja iliyo ndani, zikiahidi joto la sauti za zamani. Valvu inapofanya kazi kwa volti za juu kama ilivyokusudiwa hupaka sauti rangi ya pekee. Katika vifaa vya bei ya chini, valvu mara nyingi hupewa volti chache na huwekwa baada ya sakiti ya transista ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa ya ukuzaji. Sauti inayopatikana huenda ikapendeza, lakini taa si ushahidi wa utulivu.

Majina nayo yana historia yake. Priampu ya 1073, iliyobuniwa na Rupert Neve na kampuni yake mnamo 1970, imetumika katika rekodi zisizohesabika na bado ni mfano unaoigwa. Neve huyo huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya Focusrite mwaka wa 1985, ingawa visanduku vyake vyekundu vya Scarlett vilianza kuuzwa 2011, miaka mingi baada ya kampuni hiyo kuchukuliwa na mmiliki mwingine. Hali kadhalika, jina la Midas, kampuni ya Uingereza ya mikisa mikubwa, linapatikana kwenye intafesi za bei ya chini za Behringer, kwa kuwa kampuni mama ya Behringer iliinunua Midas mnamo 2009.

Uhusiano wa aina hii ni wa kweli na waweza kuleta ubunifu mzuri kwenye vifaa vya watu wa kawaida. Hata hivyo, jina si kipimo. Ukuzaji, kelele na volti 48 ndivyo vinavyopaswa kusomwa kwanza.

Stima, mvumo na waya

Kuna kelele nyingine ambayo mara nyingi priampu husingiziwa. Mvumo mzito usiobadilika hutokana na stima, ambayo nchini Kenya huwa na volti 240 na mzunguko wa mara 50 kwa sekunde. Mvumo huo huingia kupitia waya uliokatika kinga yake, adapta iliyolazwa juu ya waya wa maikrofoni, au vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti.

Mlio mwembamba unaobadilika kipanya kinaposogezwa hutokana na tarakilishi yenyewe, hasa chaja yake. Dawa ya kwanza isiyogharimu chochote ni kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri. Mlio ukitoweka, priampu haina hatia. Kamwe mtu asikate waya wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Huko ni kuhatarisha maisha.

Waya wa maikrofoni uwe ule wa pini tatu pande zote mbili. Pini mbili hupeleka sauti ile ile kwa njia zinazopingana, na priampu hukuza tofauti iliyopo kati yake tu. Kelele iliyoingia njiani kwa usawa katika nyaya zote mbili hujifuta. Waya unaoishia kwa plagi moja nyembamba huipoteza faida hiyo.

Intafesi zinazotegemea USB nazo hutaka umeme wa kutosha. Lango la kawaida la USB 2 hutoa volti 5 na mkondo usiozidi miliampea 500. Kifaa kikichomekwa kwenye kigawanyaji pamoja na diski na simu, umeme hupungua, volti 48 hushuka, na sauti hukatika. Kichomekwe moja kwa moja kwenye tarakilishi.

Kukagua dukani

Mnunuzi anayekwenda Luthuli Avenue jijini Nairobi, au duka lolote la vifaa vya elektroniki, achukue maikrofoni yake, waya wake na hedifoni zake. Muuzaji mwaminifu hatakataa kifaa kijaribiwe.

Kwanza, kitufe cha ukuzaji kizungushwe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku maikrofoni ikiwa imechomekwa. Kikikwaruza, kijenzi chake kimechakaa au kimeingia vumbi. Mlio wa "shhh" hupanda taratibu katika kifaa chochote; ukiruka ghafla kwenye sehemu ya mwisho, sehemu hiyo haitafaa kutumika na ukuzaji halisi ni mdogo kuliko ulioandikwa.

Pili, mtu aongee kwa sauti ya kawaida akiwa umbali wa shubiri moja kutoka kwa maikrofoni. Sauti ifike vizuri bila kitufe kupita robo tatu ya safari yake.

Tatu, kwa kifaa kilichotumika, fundi apime kwa mita kati ya pini ya kwanza na ya pili, kisha ya kwanza na ya tatu, umeme wa volti 48 ukiwa umewashwa na maikrofoni ikiwa imechomolewa. Vipimo viwili vilingane na viwe kati ya volti 44 na 52.

Nne, programu endeshi ya kifaa iangaliwe iwapo bado inatolewa kwa mfumo wa tarakilishi ya mnunuzi. Intafesi nyingi za zamani huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hii. Nyingine hutumia lango la FireWire, ambalo tarakilishi za sasa hazina.

Tano, vifaa vinavyoletwa na jamaa kutoka Marekani vikaguliwe adapta. Kule stima ni ya volti 120, na adapta isiyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 itaungua ikichomekwa hapa. Tena mikisa na priampu nyingine hutumia adapta inayotoa umeme wa AC, si DC, hivyo adapta ya ruta au ya kamera haiwezi kuchukua nafasi yake hata plagi zikilingana.

Sita, nambari ya usajili ilinganishwe na ile iliyo kwenye kasha, na risiti ichukuliwe. Maikrofoni na intafesi zenye majina makubwa huigwa, na bei iliyo nusu ya bei ya kawaida yatosha kuwa onyo.

Pesa zianzie wapi?

Aliye na SM58 au kondensa ya bei ya wastani hana haja ya priampu ya kando. Intafesi yenye desibeli 55 au zaidi na kelele iliyo karibu na -128 dBu itamtosha kwa miaka mingi. Aliye na SM7B au maikrofoni ya utepe atafute intafesi yenye ukuzaji wa zaidi ya desibeli 60. Ikiwa tayari ana ile ya zamani, kikuzaji cha kwenye waya ni nafuu kuliko kuanza upya. Ambaye bado hajanunua maikrofoni ana njia rahisi zaidi: achague inayotoa umeme wa kutosha, na tatizo la priampu litapungua lenyewe.

Kabla ya ununuzi wowote, yapo marekebisho ya bure. Kupunguza umbali kutoka sentimita 30 hadi 15 huongeza sauti ya mwimbaji kwa takriban desibeli 6 bila kuongeza kelele ya chumba. Blanketi nzito nyuma ya mwimbaji na kabati la nguo lililoachwa wazi hupunguza mwangwi. Kurekodi saa za usiku wa manane huondoa kelele ambayo priampu yoyote, hata ya dola elfu tano, ingeinasa kwa uaminifu. Nayo mvua ikipiga juu ya mabati, hakuna kifaa kitakachomsaidia mwimbaji isipokuwa subira.

Wakati wa kurekodi, kiwango kiwekwe ili sehemu za juu kabisa za sauti zifike kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha tarakilishi, kwa mfumo wa biti 24. Hakuna haja ya kusukuma mshale hadi mwisho kama ilivyokuwa enzi za kanda, kwani sauti inayogonga sifuri hupasuka na haiwezi kurejeshwa.

Pesa zitakazobaki baada ya hesabu hii zina kazi nyingine: waya mzuri, kistendi imara, kichujio cha kuzuia pumzi za herufi "p" na "b", na hedifoni za kusikilizia makosa. Vitu hivyo havitajwi sana, lakini msikilizaji husikia vinapokosekana.